Gari la Siti Mbili

Walimwita Fundi Sawa kwa sababu hilo ndilo jibu pekee aliloweza kulitoa bila kukwama. Ukimwambia rangi ipakwe leo, sawa. Ukimwambia asubiri kwanza, sawa. Ukimletea gari lililobusu ukuta na kumwambia utamlipa mambo yakikaa vizuri, sawa pia, na ndiyo maana gereji yake ilijaa wateja na paa lake lilivuja. Alikuwa fundi bodi hodari, mtu wa nyundo na bati, anayeweza kuufuta mgongano wote mlangoni pasibaki hata kovu. Mikono ilikuwa mizima kabisa. Kilichopinda kilikuwa ulimi, na huo hakuwahi kuunyoosha.

Katika maisha yake yote alijinunulia kitu kimoja tu bila kumwomba mtu ruhusa: gari la mbio, jekundu, fupi, limelala chini karibu na lami, milango miwili na siti mbili. Alilikuta kwenye mnada, limesukumwa kona ya mwisho ya uwanja, maana hakuna aliyelitaka. Wenye familia walilipita bila kugeuza shingo. Wapenda mbio nao, wale wanaoweza kuzungumzia injini mpaka chai ipoe, walilicheka wakisema lina injini ya cherehani. Yeye alilipenda papo hapo. Alilinyoosha, akalipaka rangi, na kila Jumapili jioni alimpakia mke wake wakaenda kwenye barabara ndefu ya nyuma ya viwanda, ambako hakuna magari, akaliachia. Mke wake alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, mtu wa mvuke na maji ya moto wiki nzima. Humo garini alifungua kioo, akavua kitambaa kichwani na kucheka mpaka machozi. Walikuwa na raha, basi, na hawakuwa wamemkosea mtu.

Ukoo haukukubali. Ndugu zake walikuwa watu wasioweza kuona siti bila kuikalia. Kwao gari likishanunuliwa si la mwenye gari tena, ni la msiba, la harusi, la mgonjwa, na la yeyote aliyechoka kutembea. Sasa hili lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu zaidi ya dereva, na mtu huyo alikuwa ameshapatikana. Wakalibandika jina la Mchoyo. Siku moja, wakati wa kutoka kwenye mazishi, shangazi alibaki kando ya barabara na mkoba wake kwapani huku gari jekundu likimpita, na mke wa fundi akiwa ndani. Mkoba ule ulizungumzwa kuliko marehemu.

Kaka mkubwa akaitisha kikao. Huyu alikuwa mtunza bohari wa kampuni ya vifaa vya ujenzi, na kwa miaka mingi ya kutunza mali za wengine alikuwa amezoea kuona kila mali iko chini ya ufunguo wake. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeumia, kwamba anayenunua gari la siti mbili amewaambia ndugu zake wote watembee kwa miguu. Watu wakaguna kwa kukubaliana. Kisha akatoa dawa: mdogo wake si fundi? Basi akate nyuma, ainue paa, aweke benchi.

Mnajua alivyojibu.

Alilikata mwenyewe, kwa grenda yake mwenyewe, mbele ya gereji yake, kaka mkubwa akisimamia. Paa lile lililoteremka taratibu mpaka kwenye taa likaondoka, na mahali pake akachomelea nundu ya bati yenye madirisha, na ndani akaweka benchi la kukalia watu watatu. Kazi ilikuwa safi. Usingeweza kuona palipounganishwa, na usingeweza kuona kitu kibaya zaidi ya hicho mji mzima. Mke wake alisimama mlangoni na beseni la nguo akitazama cheche, kisha akaingia ndani. Jumapili iliyofuata mumewe alipomwita, alisema ana kazi. Ikawa hivyo Jumapili zote.

Na gari likaubeba ukoo. Liliwabeba maharusi, wagonjwa, magunia na mashangazi, na kaka mkubwa alikaa katikati ya benchi ametanua magoti, akimwelekeza njia mtu aliyeijua. Hakuna aliyesema asante, kwa sababu asante ya nini, gari si letu? Tena walilicheka. Waliliita kibanda. Vijana wa ukoo waliomba washushwe kabla ya kona ya shule wasije wakaonekana, na asubuhi yake wakapanda tena.

Miaka ikaenda. Watoto wa fundi wakakua wakahama, magoti ya mkewe yakaisha kwa kusimama juu ya sakafu yenye maji, na kwingineko, kwa watu wenye nafasi ya kuwaza mambo ya namna hiyo, ikagunduliwa kwamba yale magari mekundu yaliyochekwa ni vito. Hakuna kilichobadilika kwenye magari yenyewe. Injini ilikuwa ile ile ya cherehani. Ila wale wale walioyacheka walikuwa wamezeeka na kupata pesa, wakaanza kuyalilia, na bei ikapanda na machozi yao. Sasa injini ile ilisemwa ina utu. Ule udogo uliokuwa kasoro ukaitwa usafi wa umbo. Mtu mzima mwenye akili zake alikuwa tayari kuuza kiwanja anunue gari ambalo jana asingelipanda bure.

Kaka mkubwa aliyaona hayo kwenye simu, na haukupita muda akaja gereji na mnunuzi. Alikuwa bwana mmoja wa viatu vya ngozi laini, mwenye magari ya namna hiyo kadhaa, yote yamefunikwa vitambaa kwenye ukumbi ulioezekwa vizuri, na alieleza kwa fahari kwamba hayawashi, asije akayaongezea kilomita. Alilizunguka gari la fundi. Alipofika kwenye nundu alishika kichwa kama mtu aliyeletewa habari za kifo.

"Mwendawazimu gani alilikata hili?" aliuliza.

Kaka mkubwa akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ni huyu mdogo wangu," alisema. "Tulimwambia, hasikii."

Alisema hivyo mchana kweupe, mbele ya aliyekata, na sauti yake haikutetemeka. Fundi Sawa alitazama nyundo yake. Mnunuzi akasema umbo likirudishwa kama zamani, na kwa mikono kama hiyo litarudi, atalichukua. Kaka mkubwa akakubali kwa niaba ya wote, na hapo hapo akaanza kuzungumzia fungu lake la udalali.

Fundi akaanza kazi, na kwa mara ya kwanza ukoo ulimwona akifanya haraka. Walidhani ni pesa, masikini wa Mungu. Yeye hakuwa akimwaza mnunuzi hata kidogo. Aling'oa benchi akaliegemeza ukutani, akaikata nundu, akagonga bati jipya bila kipimo, kwa kukumbuka tu, na kila paa lilivyozidi kuteremka ndivyo alivyozidi kuiona ile barabara ya nyuma ya viwanda. Alitaka Jumapili moja. Hicho ndicho alichotaka, mke wake akicheka kando yake ndani ya gari lao, na baada ya hapo wafanye wanavyotaka.

Jumapili ilipofika alioga, akavaa shati la kola, akalileta gari mpaka mlangoni na kumwita mkewe. Alitoka polepole akishika ukuta. Alilitazama gari kwa muda mrefu, na uso wake ukalegea, kwa sababu lilikuwa zuri kweli kweli. Fundi akamfungulia mlango.

Hakuweza kuingia. Siti ilikuwa chini mno. Alijaribu kwa mguu wa kulia, akajaribu kwa kugeuza mgongo, fundi akamshika kwapani, mke akapiga kelele ndogo ya maumivu, wakaacha. Walibaki wamesimama, wote wawili wanahema, mlango uko wazi.

"Nitainua siti," fundi alisema. "Nitaweka vyuma chini yake."

"Acha, mzee." Alikokota miguu mpaka kwenye lile benchi lililoegemea ukuta, akamwonyesha alilaze, akakaa. "Unadhani nilikasirikia siti? Watu wangekaa, wangeshuka. Mimi siku ile nilisimama pale mlangoni nasubiri umwambie kaka yako hapana. Mara moja tu. Ningepanda hata lingekuwa na nundu kumi."

Fundi alikaa kando yake. Alijisikia aibu, aibu ya wazi ya mtu mzima, na hakuwa na bati la kuifunika. Miaka yote aliamini amepoteza gari.

Hapo getini wakatokea kaka mkubwa na mnunuzi, siku mbili kabla ya ahadi, wakiwa na dereva wa kulichukua. Mnunuzi aliona umbo lile jekundu akaanza kulibembeleza kwa maneno. Kaka mkubwa alinyoosha mkono bila hata salamu, akitaka ufunguo.

"Haliuzwi, kaka," fundi alisema.

"Nani kaamua?"

"Mimi."

Kaka mkubwa alimgeukia shemeji yake, kama tunavyomgeukia mtu mzima tunapochoka na mtoto, akamwomba azungumze na mumewe, amweleze hasara anayoitia familia.

Mama yule alisogea kidogo kwenye benchi, akanyoosha miguu yake inayouma.

"Nilichelewa kumsikia," alisema. "Hebu mwache arudie."

Fundi akarudia.