Genovefa Hakupanda Meli

Mwaka 1950, kambi ya wakimbizi wa Kipolandi kule Tengeru ilipokaribia kufungwa, watu walifunga mizigo. Wengine walikwenda Uingereza, wengine Kanada. Genovefa hakupanda meli. Alishuka Moshi na sanduku moja la bati, akapanga chumba cha uani nyuma ya duka la Mhindi, akaanza kushona nguo barazani. Wazungu wa mjini walimwona anawatia aibu, mwanamke mweupe anayekula kiburu cha ndizi na maharage na kupanga foleni bombani. Hawakumsalimu.

Barazani aliketi na Adija, mjane wa mjini, aliyetia vifungo na kukunja pindo za sare za shule. Lugha yao ilikuwa Kiswahili tu, na cha Genovefa kilikuwa cha kuungaunga. Miezi ya mwanzo waliongea habari za nyuzi na mvua. Siku moja Adija akamuuliza bila kuzunguka:

"Dada, wenzako wamepata nchi za baridi kama kwenu. Wewe umebaki hapa unangoja nini?"

"Barua."

"Ya nani?"

Genovefa alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Ya mtoto."

Ndipo akaeleza. Kwao palikuwa kijiji cha mashariki ya Polandi. Vita vilipoanza, jeshi la Urusi liliingia likisema limeleta mapinduzi ya kuwakomboa maskini. Mumewe alikuwa bwana misitu wa serikali iliyoanguka, kwa hiyo akaandikwa adui wa umma. Walimchukua Novemba, hakuonekana tena. Februari wakamjia yeye na watoto wake wawili, wakampa nusu saa ya kukusanya vitu. Walikaa wiki tatu ndani ya behewa la ng'ombe. Yanek, mtoto mchanga, hakufika. Mlango ulipofunguliwa, askari alimpokea kama mtu anavyopokea kifurushi, akamlaza juu ya theluji kando ya reli, mlango ukafungwa.

Akabaki na Hanka, wa miaka sita. Huko Siberia Genovefa alikata magogo karibu miaka miwili. Kisha serikali ikawaruhusu Wapolandi kuondoka, wakateremka kusini kwa treni kuelekea Uajemi, walikotoka baadaye kuja Tengeru, na njiani Hanka akashikwa na homa kali. Akalazwa katika hospitali ya mji mmoja wenye stesheni.

"Nesi alisema wiki mbili," Genovefa alisimulia. "Treni ya mwisho ya kutoka nchi ile ilikuwa kesho yake. Watu wakaniambia panda, ukifika utamwita, Msalaba Mwekundu watamleta. Nilikuwa na njaa, Adija. Njaa ile haikuachii akili. Nikapanda."

Adija alikata uzi kwa meno. Akachukua kifungo kingine. Baadaye akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Shani wangu ni wa umri huo huo."

Tangu siku ile akamwita Mama Hanka, na mtaa mzima ukafuata. Adija akaelewa pia habari ya meli. Barua zote alizotuma Genovefa, kwa ofisi za huku na huko, zilisema yuko Tanganyika. Akihama, Hanka angemtafuta wapi?

Jibu lilifika mwaka 1956. Genovefa alirudi kutoka posta akaketi chini, kwenye saruji, si kwenye kiti chake.

"Yu hai?" Adija aliuliza.

"Yu hai. Yuko kiwanda cha pamba. Ameolewa, ana binti." Alisoma tena kwa midomo. Barua ilikuwa ya Kirusi, maana Hanka alilelewa katika nyumba ya yatima na Kipolandi kilikuwa kimemtoka. "Walimwambia nimekufa. Ananiandikia kama mtu anayeandikia ofisi. Anasema nisiandike mara kwa mara. Kazini wanamuuliza, huyu wa nje ni nani."

"Aje basi."

"Hawamruhusu."

"Nenda wewe."

"Nikiingia sitoki, Mama Shani. Na yeye watamtesa kwa sababu yangu."

Alimshonea mjukuu gauni la bluu, akalituma. Lilirudi baada ya miezi saba, kifurushi kimepigwa mihuri ya Kirusi, pindo zote za gauni zimefumuliwa na mtu aliyetafuta kitu ndani yake. Genovefa aliandika barua moja tu baada ya hapo. Alisema ana afya, ana kazi, anakaa karibu na mlima. Msamaha hakuuomba, maana alijua barua ingesomwa kwanza na wengine, na hakutaka wajue kuna jambo la kusamehewa. Hakujibiwa.

Mwaka 1958, wakati wa mvua ndefu, alikufa kwa kichomi. Padri wa misheni alimzika. Nyuma ya jeneza walitembea Adija, Shani na mwenye duka.

Walipokuwa wakifagia chumba, Shani alikuta anwani ya Hanka. "Tumwandikie, mama?"

"Kwa Kiswahili? Nani atamsomea?"

"Tutatafuta mtu."

Adija aliishika karatasi muda mrefu. "Na wakimuuliza tena kazini? Mama yake alinyamaza hadi kufa ili wasimuulize."

Hawakuandika. Shani alimlaumu mama yake kwa hilo, na Adija hakuwahi kujitetea. Hadi uzeeni alikuwa akisema hajui kama siku ile alimlinda Hanka au alimfanya yatima mara ya pili bila yeye kujua.