Tonge la Kotmiri

Kotmiri inanuka kunguni. Nasema hivi tangu utotoni na watu wananicheka, lakini aliyewahi kulala kitanda cha kamba chenye wadudu hao, akamponda mmoja kwa kidole gumba na kukinusa kidole, anajua nisemalo. Mtu akikata majani yale ua wa pili, mimi huku mate yananijaa kinywani, na si mate ya hamu. Uwatu nao siupendi, maana ukiunywa jasho lako hunuka kutwa. Mvuje wachiwe mashetani, ndio wanaofukuzwa nao. Rehani ni nzuri kwenye nywele, si kwenye mchuzi. Hivyo vyote lakini navimudu nikibana pumzi. Kotmiri hapana.

Nyumbani kwetu Bagamoyo, miaka ile Wadachi hawajatia bendera yao mjini, mama aliipanda ndani ya chungu kilichovunjika, mbegu kapewa na jirani yetu Mhindi. Baba akiipenda sana juu ya samaki. Mimi nilikuwa nikitengewa mchuzi wangu mapema, kabla majani hayajaingia, na mama alifanya hivyo bila kunung'unika mpaka nilipovunja ungo. Hapo akaanza kunionya nisiseme mbele za watu kwamba kuna nisichokula. Mwari mwenye kuchagua chakula, alisema, hapati mtu, na akimpata atarudishwa.

Nikaposwa na watu wa Saadani, wenye biashara ya chumvi na samaki wa ng'onda. Kijana mwenyewe nilimchungulia dirishani alipokuja na wazee wake, nikampenda papo hapo, na sioni haya kusema. Alikuwa na shingo ndefu na kicheko cha polepole. Nikaanza kuzihesabu sufuria nitakazopikia kwake.

Watu wale walikuwa na desturi yao. Kabla siku ya ndoa haijatajwa, mavyaa, yaani mama wa mume, huja kwa kina binti na sinia la chakula alichokipika kwa mkono wake. Hufinyanga tonge la kwanza akamtia binti mdomoni. Binti akilimeza wamekuwa watu wamoja, na hapo ndipo siku hutajwa.

Wakaja asubuhi, mavyaa wangu na shangazi wa kijana. Nikakalishwa mkekani, nimejitanda, macho chini. Nikasema, "Shikamoo, mama," akaniitikia kwa upole. Kisha kawa likafunuliwa.

Harufu ilinipiga usoni. Wali wote ulikuwa umetapakaa majani yale, mabichi, yamekatwa wakati ule ule kwa kunienzi. Nikamtazama mama. Akanikodolea macho: meza. Mavyaa akafinyanga tonge kubwa, mafuta yakimchuruzika vidoleni, akalisukuma mpaka mwisho wa ulimi wangu. Niliyahisi majani yananata kwenye ufizi, ile harufu ikapanda puani kwa ndani. Nilijitahidi, Mungu shahidi. Likarudi lote, na la jana yake pia, juu ya upindo wa nguo ya mavyaa.

Shangazi wa kijana ndiye aliyetangulia kusema. "Lo! Kumbe tumeitwa kuja kulea."

Mama akanikokota chumbani akafunga mlango. Nilidhani ananipeleka kuninawisha uso.

"Ni nani?" akaniuliza.

"Nani, mama?"

"Aliyekutia mimba."

Nikamwambia ni kotmiri. Mama yuleyule aliyenitengea mchuzi maisha yangu yote alinitazama tumbo, akaniambia nisimfanye mjinga. Akamwita somo yangu, mwanamke aliyenifunda, aje kunibonyeza kitovu. Nikalala chali kama samaki anayekaguliwa mashavu, matapishi yananikaukia kidevuni. Nilisikia kinyaa ambacho hakuna jani lililopata kunitia: kinyaa cha vidole vya somo, na cha mama yangu aliyesimama kando akingoja kuambiwa.

Somo alisema haoni kitu. Haikutosha. Wageni wakasema watangoja, wakaondoka na sinia lao. Siku zile mama alikuwa akininusia nguo na kunifuata mpaka chooni, wala hakula nami chombo kimoja. Mwezi wangu ulipoingia akapiga vigelegele peke yake uani, akamtuma somo Saadani kupeleka habari, pamoja na habari ya kotmiri ambayo sasa aliikumbuka vizuri kabisa.

Wakarudi, sinia jipya kichwani mwa mtumishi. Mavyaa akaketi karibu nami kuliko mara ya kwanza. "Mwanangu, tuwie radhi," akasema. "Nimeambiwa ni jani tu. Leo sikutia hata moja."

Alisema kweli. Kawa lilipofunuliwa palinukia nazi, ndimu na nguru wa kukaanga, na mimi nilikuwa na njaa. Kijana nilikuwa bado namtaka. Tonge likaja mbele ya midomo yangu, dogo safari hii, limefinyangwa kwa adabu. Nikakitazama kile kiganja, nikaona nitakavyoishi katika nyumba yake: kila nikitema mate, kila nikilala mchana, macho yatashuka tumboni kwangu kabla ya mtu kuniuliza ninaumwa wapi. Nikamwona na shangazi wa kijana, anatabasamu kana kwamba hakusema neno. Midomo yangu ikabana yenyewe.

Mavyaa akangoja. Akalisogeza tonge likanigusa mdomo.

Mama alikuwa nyuma yangu. Akanifinya mgongoni, akaniinamia sikioni. "Fumbua mdomo," akaninong'oneza. "Hamna jani humo."

"Najua, mama," nikamwambia, nikainuka mkekani.