Usingizi wa Mwalimu Venanti

Mwalimu Venanti hufundisha darasa la tano Rumonge, si mbali na soko la samaki. Alikulia kambini, Tanzania, akarudi Burundi akiwa mtu mzima, na Kiswahili ambacho wenzake humtania kuwa ni cha redioni. Mkewe, Marguerite, ni Mkongo wa Uvira, muuza ndagala, yaani dagaa wa ziwani. Ndiye aliyeujua ugonjwa wa mumewe kwanza, maana ndiye aliyepigwa.

"Baba Merveille, umenipiga tena," alisema asubuhi moja wakinywa uji. "Hii ni mara ya tatu. Kama iko neno kati yetu, uliseme muchana."

Venanti aliona haya. Akaeleza kwamba kila usiku mkono wa kulia ulikuwa ukimwamsha. Kidole cha pete na kidole kidogo vilikufa ganzi, kisha maumivu kama moto yakapanda hadi kwenye kiwiko. Alikuwa akiukung'uta mkono ili uamke, na gizani hakujua unatua wapi.

Marguerite alimhurumia, lakini alihamia chumba cha binti yao, Merveille. Jirani, Mama Agnesi, alisema ni baridi ya ziwa, akamkanda Venanti kwa mawese ya moto. Akanukia kama sufuria ya maharage, na usingizi haukuja.

Darasani alianza kuangusha chaki. Akajaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikalala upande. Wanafunzi, kwa utiifu, wakanakili herufi zilizolala vilevile. Siku hiyo aliamua kwenda kituo cha afya.

Huko walimpeleka kwa kine, yaani mtaalamu wa viungo, dada mmoja mtulivu aitwaye Dusabe.

"Mwalimu, unalalaje?"

"Vibaya."

"Nauliza unavyojilaza. Panda kitandani unionyeshe."

Venanti akavua viatu, akalala ubavu wa kulia, akakunja mkono na kuuweka chini ya kichwa, kama alivyozoea tangu kambini, ambako mto wa kulalia haukuwapo. Akasubiri swali linalofuata. Dirisha lilikuwa wazi, upepo wa ziwa ukiingia taratibu. Kabla Dusabe hajapata kalamu, mwalimu alikuwa amelala.

Hakukuwa na mgonjwa mwingine, basi Dusabe akamwacha. Baada ya robo saa hivi Venanti alishtuka, akaukung'uta mkono, na kopo la kalamu likaruka kutoka mezani.

"Nisamehe, dada. Sijui imekuwaje."

"Murakoze, asante, Mwalimu," Dusabe alisema akiokota kalamu. "Ungenieleza mpaka saa sita nisingeelewa hivi."

Akamgusa nyuma ya kiwiko. Hapo, alisema, unapita mshipa wa fahamu, chini tu ya ngozi. Kiwiko kikikunjwa usiku kucha unavutwa, na kichwa kikiwa juu yake unabanwa. Alale amenyoosha mkono, amefunga taulo kwenye kiwiko ili kisikunjike. Asiegemee kiwiko mezani anaposahihisha madaftari. Vidole vikizidi kukosa nguvu, arudi haraka.

Usiku wa kwanza taulo lilifunguka. Wa pili Marguerite alilikaza mno. Wa tatu akawa ameshona mkono mnene wa taulo na kitenge cha maua mekundu, akamvika mumewe, akarudi nyuma kumtazama.

"Unafanana na askofu," alisema, akacheka hadi akakaa chini.

Askofu alilala chali, mkono juu ya mto. Haikuwa rahisi, aliamka mara nyingi na kujikuta amejikunja. Lakini wiki ya nne Marguerite alirudi chumbani, akachagua upande wa kushoto, kwa tahadhari.

Wiki ya sita Venanti alichelewa shule, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka kumi na moja. Direkita, mkuu wa shule, alikuwa mlangoni.

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Nilikuwa nimelala, bwana direkita," alijibu Venanti, akitabasamu hata direkita akashindwa kumkaripia.

Ganzi bado humtembelea akisahau na kuegemea meza. Hapo husimama, hunyoosha mkono, na darasa zima husimama naye kunyoosha mikono yao.