Namba Iliyoachwa Kwenye Kioo

Juzi, kwenye duka la kuchaji betri hapa Voi, mama mmoja wa Maungu alitua betri ya gari kwenye kaunta, akaipangusa vumbi kwa leso yake.

"Fundi, ukiitia moto, ile namba ya mwanangu itarudi?"

Akaeleza. Kijana wake alicheza gemu ya televisheni asubuhi, kwa moto wa betri hiyo, akaacha alama zake kwenye kioo, akaenda kazini relini. Akarudishwa maiti. Mama akakataza mtu kuizima. Betri iliisha moto kaburi likichimbwa.

Fundi aliinama, akashika nyaya. "Itawaka, mama."

"Asante, baba."

Tunaambiwa mashine hizi zina akili kutushinda. Ikiwaka, gemu itaanza na sifuri, kana kwamba hakuna aliyewahi kuigusa.