Tairi Gumu Kama Jiwe

"Mama Mutheu, mtu mwenye gari anapanda mlima na baiskeli akitafuta nini?" jirani yake aliwahi kumuuliza. Jumamosi moja Mama Mutheu aliwapa uji waendesha baiskeli wanaoanza, waliopita langoni kwake huko Mwala na mahema yamefungwa kwenye baiskeli zao. Wa mwisho alikuwa karani kutoka Syokimau, mpole, mwenye viganja laini kama vya mtoto. Kila penye mwinuko alishuka, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona mabaya, ingawa tairi lilikuwa gumu kama jiwe. Hapo langoni pia alibonyeza la mbele, akabonyeza la nyuma, akarudia la mbele.

Nyuma yake ilikuja pikapu ya kubeba waliochoka, naye karani alikuwa ameapa mbele ya ofisi nzima kwamba hataipanda. Sheria ilikuwa dakika tano za kupumzika, basi. "Bosi, dakika zimeisha," dereva akasema, ameshashika baiskeli. "Ama unaendesha, ama napakia." Karani akaangalia mlima uliobaki, akabonyeza tairi tena. Mama Mutheu, ambaye hajawahi kumwacha msafiri aende bila maombi, akafunga macho akaanza. Dereva akaachilia baiskeli, akavua kofia, akainamisha kichwa, maana hapo kwao hakuna anayempakia mtu katikati ya maombi. Mama akaombea magoti, mapafu, breki, na dereva mwenyewe. Alipokaribia mwisho, alisikia sauti ya adabu ya karani ikimnong'oneza: "Mama, usiseme amina bado. Niko na shangazi huko Ekalakala, muombee na yeye."