Vigelegele Langoni Lanet

Mimi na dada yangu tulinunua simu wiki moja, ila za kampuni tofauti. Yake iliendelea kupata masasisho; yangu iliachwa. Alhamisi moja app ya mesej ikagoma, ikidai toleo jipya ambalo simu yangu haikulikubali. Sikujali sana. Jumamosi ilikuwa ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa dada, na saa na mahali nilivijua.

Nilifika kwao Lanet nimevaa gauni la njano na kilemba chake. Kuona watu wamejaa uani, nikaanza vigelegele tangu langoni, kama mama mdogo wa bibi harusi.

Hakuna aliyeitikia. Wanawake waligeuka wakanitazama tu. Dada akanijia mbio, macho yamevimba.

"Kwani hukusoma group? Mama mkwe wangu alifariki jana."

"Group haifunguki," nikamwambia. "Simu yangu ni ya zamani."

Mume wa marehemu alikuwa ameketi hapo karibu, amesikia kila kitu. Nilikosa pa kuweka uso. Mama mmoja wa kanisa alinifunga leso mabegani kufunika ile njano, kisha nikaenda kumpa mzee pole. Akanishika mkono.

"Keti, mama. Hukujua."

Nikaketi nyuma kabisa. Kila mgeni aliyefika alinikodolea macho, na dada, kwa kunitetea, akawa anawaeleza mmoja mmoja kwamba simu yangu ni ya zamani. Nilitamani anyamaze.