Mama Mtunza Data

Katika maabara ya jeni pale Mbaraki, mtu wa kwanza ambaye Ndinda alimpenda alipoanza kazi ni yule mama mtunza data. Ni mtu wa Mji wa Kale, ana hina vidoleni na sauti ya chini, na kabla ya kubonyeza chochote huishusha miwani puani na kuguna kidogo, kama anayeonja mchuzi. Kazi yake ni kuyabana mafaili ya jeni za wagonjwa, herufi nne tu zinazojirudia hadi kujaza diski nzima, ili yachukue nafasi ndogo bila kupotea hata herufi moja. Akishabana, hafuti faili la asili mpaka alifungue lile lililobanwa na kuyalinganisha yote mawili.

Asubuhi moja diski zilijaa, mashine ya kusoma jeni ikasimama. Ndinda alimwendea mbio.

"Mama, lifute tu hilo la asili. Watu wanangoja."

"Kaa kitako, mwanangu." Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mstari mwekundu: mafaili hayakulingana. Mama alikuwa ameanza kubana upya.

"Kwani hatuwezi kumtoa mgonjwa huyu damu nyengine?"

"Mtoto huyu keshafariki," alijibu bila kuinua macho. "Mamake ana mimba nyengine, na daktari atataka kulinganisha. Hiki ndicho kilichobaki."

Ndinda akavuta kiti, akakaa kando yake. Safari hii mafaili yakalingana, herufi kwa herufi, naye mama akalifuta lile la asili.

"Haya," alisema mama, "sasa waite hao wanaongoja."